Luigi Broglio: Mhandisi aliyerusha ‘Uhuru’ kutoka bahari ya Malindi

MWISHONI mwa Mei, mvua zikiwa zimekatika wilayani Chunya, mkoani Mbeya, nyota angavu ya Mashuke hupita karibu na utosi majira ya saa nne usiku. Kaskazini-magharibi yake, umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 54, lipo kundi la galaksi zaidi ya elfu moja ambalo wataalamu huliita Virgo. Jicho tupu haliwezi kuliona, hata katika giza safi la mashamba ya dhahabu ya Lupa.

Nyingi ya galaksi hizo ni kibete: ndogo, laini kwa umbo, zimejaa nyota kongwe na karibu hazina gesi ya kuzalishia nyota mpya. Huitwa za aina ya awali, jina lililobaki tangu mpangilio wa Edwin Hubble. Kilichowasumbua wataalamu ni swali moja: gesi yake ilikwenda wapi? Sehemu ya jibu ilipatikana kutokana na kazi iliyofanyika baharini, jirani na Malindi nchini Kenya, chini ya Mtaliano Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911 huko Mestre, karibu na Venice. Alikuwa mhandisi wa jeshi la anga la Italia, akapanda hadi cheo cha jenerali, na pia profesa aliyeongoza shule ya uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati safari za anga zilipokuwa mashindano ya Marekani na Urusi, alishikilia kwamba nchi yake nayo inaweza kurusha setilaiti kwa mikono yake. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilikubaliana: Wamarekani watoe roketi na mafunzo, Waitalia wafanye kazi.

Desemba 15, 1964, kikosi chake kilirusha San Marco 1 kutoka Virginia, Marekani. Lakini shabaha yake ilikuwa Ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Alichagua majukwaa ya chuma yaliyosimikwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Aprili 26, 1967, San Marco 2 iliruka kutoka hapo, setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini.

Kisha ikaja Desemba 12, 1970. Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, na Marjorie Townsend, meneja wa mradi huo wa Marekani, aliipa setilaiti hiyo jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, mionzi ambayo hewa ya dunia huizuia isifike ardhini. Ilikuwa pia setilaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na watu wa taifa jingine.

Uhuru ilibaini kwamba makundi ya galaksi, likiwamo la Virgo, hutoa eksirei nyingi. Baadaye ilithibitika kuwa nafasi kati ya galaksi hizo imejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Galaksi kibete inapopita humo kwa kasi kubwa, gesi yake hupeperushwa kama pumba katika ungo. Nyota, ambazo ni nzito na zimeshikamana, hubaki kama punje. Galaksi kubwa humudu zaidi kushikilia mali yake. Ndogo hunyang’anywa.

Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni, na zote zilifika angani. Baada ya Machi 1988 hakuna nyingine iliyoruka kutoka hapo, ingawa Broglio alitamani roketi zenye nguvu zaidi.

Alifariki dunia Januari 14, 2001. Mwaka uliofuata Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani na kuongoza wanasayansi wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Tuzo hiyo haipewi marehemu, na warushaji wa roketi hawamo katika hesabu zake. Kituo cha Malindi sasa kinaitwa kwa jina la Broglio.