George Ticknor: Wakili aliyeacha kesi akawa mwalimu wa Kihispania

MWAKA wa 1814, wakili mmoja kijana wa mjini Boston, Marekani, aliamua kujifunza Kijerumani. Mji mzima haukuwa na duka lenye vitabu vya lugha hiyo. Kamusi aliagiza kutoka jimbo jirani la New Hampshire, na sarufi aliyoazima kwa rafiki ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa. Hata mwalimu aliyempata alimtahadharisha mapema kwamba matamshi yake hayakuwa ya kutegemewa.

Kijana huyo alikuwa George Ticknor, ambaye miaka mitano baadaye alitawazwa profesa wa kwanza wa Kifaransa na Kihispania katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Ticknor alizaliwa mjini Boston mnamo Agosti 1, 1791. Babaye, Elisha, aliwahi kuwa mwalimu mkuu kabla ya kuingia katika biashara, na ndiye aliyemfunza mwanawe masomo ya awali. Mtoto huyo alihitimu katika Chuo cha Dartmouth mwaka wa 1807. Alisomea sheria, akakubaliwa kuwa wakili mwaka wa 1813, lakini kazi hiyo ilimchosha katika muda wa mwaka mmoja tu. Alikuwa amesoma habari za Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, na maktaba yake kubwa, akatambua kwamba nchini mwake hapakuwa na kitu cha kulinganisha.

Aprili 1815 aliabiri meli kwenda Ulaya. Alipotia nanga Liverpool, alipokewa na habari kwamba Napoleon alikuwa amerejea madarakani Ufaransa. Hilo halikumzuia. Kufikia mwezi Agosti alikuwa Göttingen, akisoma tangu alfajiri hadi usiku pamoja na mwenzake wa Boston, Edward Everett.

Wakati huo huo, tajiri mmoja wa Boston aitwaye Abiel Smith alifariki na kuiachia Harvard fedha za kugharamia ufundishaji wa Kifaransa na Kihispania. (Tajiri huyo huyo aliacha pia fungu la kuwasomesha watoto weusi wa Boston, na shule iliyojengwa kwa fedha hizo ilipewa jina lake.) Wakuu wa chuo walimwandikia Ticknor wakimpa wadhifa huo mpya.

Haukuwa uamuzi mwepesi. Kihispania chake kilikuwa haba, na kuupokea uprofesa kulimaanisha kuongeza muda wa kukaa ughaibuni ili afike Uhispania. Alikubali mwishoni mwa mwaka wa 1817. Muda huo wa ziada ulimgharimu sana, kwani mamaye aliaga dunia kabla hajarejea nyumbani.

Aliingia Uhispania mwaka wa 1818. Safari ya kutoka Barcelona hadi Madrid ilichukua takriban majuma mawili katika barabara mbovu, naye akawa anawasomea wasafiri wenzake kisa cha Don Quixote ili kuwapunguzia uchovu. Nchi ilikuwa imechakazwa na vita dhidi ya Wafaransa, na Baraza la Kidini la kuwasaka wazushi lilikuwa lingali likipiga vitabu marufuku.

Mjini Madrid alimpata mwalimu wa kufaa: José Antonio Conde, mtaalamu wa Kiarabu aliyekuwa ameangukia ufukara kwa kuwa aliwatumikia watawala Wafaransa. Kila siku wawili hao walisoma pamoja mashairi ya kale ya Kikastilia. Kwa msomaji wa Kiswahili, taaluma ya Conde si jambo la mbali. Waarabu walikaa Uhispania kwa karne nyingi, na neno la Kihispania hasta, lenye maana ya mpaka, limetoka katika neno lile lile la Kiarabu lililotupa hata, kama vile azúcar na sukari yalivyo na asili moja.

Kutoka Madrid aliteremka hadi Córdoba, Granada na Seville. Njia ya kuelekea Ureno ilikuwa imejaa wanyang'anyi, kwa hivyo profesa huyo mteule aliamua kuandamana na wafanyabiashara wa magendo, ambao walizijua njia za panya kuliko askari. Alifika Lisbon salama.

Agosti 1819 alianza kazi Harvard, na hapo ndipo shida halisi zilipoanza. Wanafunzi wa chuo hicho walikuwa wakikariri masomo mbele ya mwalimu, naye kazi yake ikiwa kusikiliza na kuwapa alama. Mwaka wa 1823 ghasia zilizuka na zaidi ya wanafunzi 40 wa darasa la mwisho wakafukuzwa. Ticknor alitaka chuo kigawanywe katika idara, wanafunzi wapangwe kulingana na uwezo wao, na wapewe uhuru wa kuchagua baadhi ya masomo. Kanuni mpya zilipitishwa mwaka wa 1825, lakini walimu wenzake wengi walizipuuza. Pengine alidai mengi kwa pupa. Tena aliishi Boston, mbali na wenzake chuoni. Katika idara yake pekee mageuzi hayo yalishika mizizi.

Mwaka wa 1834 mwanawe wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka mitano, alifariki. Mwaka uliofuata Ticknor alijiuzulu, akamwachia nafasi yake mshairi Henry Wadsworth Longfellow, na kuondoka kwenda Ulaya na jamaa yake.

Mihadhara yake ilikuwa imekwisha kuzaa matunda asiyoyatarajia. Mwaka wa 1824 alikuwa amemsomea rafikiye William Prescott, aliyekuwa na macho dhaifu, na Prescott akavutiwa na Uhispania hata akawa mwanahistoria mashuhuri wa nchi hiyo.

Kitabu chake mwenyewe, historia ya fasihi ya Kihispania, kilitoka mwaka wa 1849 katika juzuu tatu. Msomi wa Madrid, Pascual de Gayangos, alikuwa amemtafutia vitabu na miswada adimu kwa miaka mingi, na ndiye aliyeshirikiana na Enrique de Vedia kukitafsiri kwa Kihispania. Wahispania walijikuta wakisoma historia ya fasihi yao iliyoandikwa na mtu wa Boston. Kasoro yake kubwa ni kwamba mataifa ya Marekani ya Kusini, yaliyojinyakulia uhuru mwandishi akiwa hai, hayakupewa nafasi ya maana. Hata hivyo, Ticknor aliendelea kukisahihisha hadi uzeeni.

Alikuwa pia miongoni mwa walioijenga maktaba ya umma ya Boston, akishikilia kwamba mwananchi wa kawaida aruhusiwe kuazima vitabu vinavyopendwa na kwenda navyo nyumbani bila malipo. Ticknor aliaga dunia Januari 26, 1871, na kuiachia maktaba hiyo vitabu vyake karibu 4,000 vya Kihispania na Kireno. Orodha yake ilichapishwa mwaka wa 1879.

Binti yake, Anna Eliot Ticknor, naye aliasisi mwaka wa 1873 chama kilichowasomesha wanawake wakiwa majumbani mwao, masomo yakipelekwa kwa barua.