Frank Hornby, karani aliyeipa treni ya watoto motokari zake

Katika mitaa ya Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, motokari ya mtoto si lazima itoke dukani. Inatoka kwenye kopo la sardini, waya wa zamani na kambambili iliyokatika. Waya hukunjwa kuwa kichwa cha kamioni, kopo huwa sanduku la mizigo, na kambambili hukatwa mviringo kuwa magurudumu. Mtoto huisukuma kwa fimbo ndefu yenye usukani juu, huku akiunguruma kwa mdomo kama injini. Anachokiiga ni kamioni inayoingia kutoka Uvira, si treni, kwa sababu eneo la Fizi halina reli. Anayetaka kuona treni ni lazima ashuke ziwa mpaka Kalemie, au avuke mpaka Kigoma, ambako stesheni iko karibu na bandari. Wakimbizi waliorudishwa Baraka kwa meli kuanzia 2005 huenda wanaikumbuka stesheni hiyo.

Baba mmoja wa Liverpool, Uingereza, alianza karibu vilevile: alikata bati nyumbani ili watoto wake wapate cha kuchezea. Aliitwa Frank Hornby. Alipokufa mwaka 1936 jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye treni ndogo za watoto katika nchi nyingi. Motokari ndogo ambazo kiwanda chake kilitengeneza ili ziisindikize treni hiyo zilikuwa zimeanza kwenda peke yao, na leo ndizo zinazotafutwa zaidi na wakusanyaji.

Karani mwenye deni la pauni 5

Hornby alizaliwa Liverpool tarehe 15 mwezi wa tano 1863. Baba yake, John, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Frank aliacha shule akiwa na miaka 16, akaanza kuhesabu pesa katika biashara hiyo ya baba. Utotoni alisoma kitabu cha Samuel Smiles kuhusu watu waliojiinua kwa bidii yao wenyewe, kikamtia moto hadi akajaribu kutengeneza mashine ya kuzunguka milele bila kusukumwa na kitu. Haikuzunguka, na hakuna mtu mpaka leo aliyeweza kuitengeneza.

Mwaka 1887 alimwoa Clara Godefroy, mwalimu wa shule. Walipata wana wawili, Roland na Douglas, na binti, Patricia. Baba alipokufa mwaka 1899 biashara ya familia ilifungwa. Frank, akiwa na miaka 36, alijikuta mtunza hesabu wa mtu mwingine: David Elliott, aliyeagiza nyama kutoka nchi za nje. Hakuwa injinia. Hakuwa na diploma yoyote ya ufundi. Alikuwa mtu wa kalamu na vitabu vya hesabu, mwenye watoto wawili wa kiume waliopenda mashine.

Jioni aliwatengenezea madaraja, krani na malori kwa bati alilolikata mwenyewe. Shida ilikuwa ileile anayoijua kila mtoto wa Baraka mwenye kamioni ya waya: kila kipande kilikuwa na mahali pake pamoja tu. Wavulana wakichoka na krani, krani inakuwa takataka, na baba anaanza tena kukata bati kwa ajili ya kitu kingine.

Inasimuliwa kwamba jibu lilimjia akiwa safarini ndani ya treni. Badala ya kukata vipande vya krani, akate vipande vya kitu chochote: vipande vya chuma vyembamba, vyote vyenye upana wa nusu inchi, vyenye matundu yaliyoachana kwa nusu inchi, na vifungwe kwa bolti na nati. Tundu la kipande kimoja litakutana daima na tundu la kingine. Krani ya leo inafunguliwa, kesho inakuwa daraja. Ukilitazama wazo hilo sasa linaonekana jepesi mno. Lakini maduka ya wakati ule yalikuwa yamejaa vitu vya kuchezea vilivyokwisha kutengenezwa, na Hornby alitaka kuuza kitu ambacho mtoto mwenyewe ndiye atakikamilisha.

Ili ailinde kazi yake kwa sheria alihitaji pesa ambazo hakuwa nazo. Mwezi wa kwanza 1901 aliazima pauni 5 kutoka kwa mkubwa wake wa kazi. Elliott hakuishia hapo. Alimpa chumba karibu na ghala lake, akawa mshirika wake. Hati ya uvumbuzi ilitolewa mwisho wa mwaka huohuo, na mwaka 1902 masanduku ya kwanza yaliingia sokoni, yenye vipande vya aina 16, kwa bei ya shilingi 7 na peni 6.

Wenye maduka hawakushangilia. Vipande vilikuwa havijapendeza machoni, na bei haikuwa ya mtu wa mshahara mdogo. Kilichomsaidia ni sifa aliyopewa na profesa Henry Hele-Shaw, mkuu wa idara ya uinjinia katika chuo kikuu cha Liverpool, aliyeona kwamba mtoto akicheza na vipande hivyo anajifunza kanuni za kweli za mashine. Hata hivyo faida ilionekana mwaka 1906 tu. Mwaka 1907 Hornby alisajili jina Meccano na kuacha kazi ya ukarani. Alikuwa na miaka 44. Kampuni ilianzishwa mwaka uliofuata, na kufikia 1914 ilikuwa na kiwanda kikubwa katika barabara ya Binns Road, ambacho kiliajiri wanawake na wasichana wengi wa Liverpool.

Msomaji wa Congo hawezi kuipita Liverpool ya miaka hiyo bila kusimama kidogo. Wakati Hornby anahesabu nyama, karani mwingine wa mji huohuo, Edmund Morel, alikuwa anasoma vitabu vya kampuni ya meli ya Elder Dempster. Aliona kwamba meli zinarudi kutoka nchi ya Mfalme Leopold zimejaa mpira na pembe za ndovu, na zinapokwenda zinabeba silaha na risasi kuliko bidhaa za kulipa wenyeji. Mwaka 1904 alianzisha chama cha kupinga utawala huo, hukohuko Liverpool. Hakuna ushahidi kwamba makarani hao wawili walikutana. Lakini bandari iliyompa Hornby wateja na njia za kuuza dunia nzima ndiyo iliyokuwa inapokea sehemu ya jasho la Congo, na hilo linafaa kukumbukwa.

Treni inahitaji barabara

Vita ya kwanza ya dunia ilimpotezea Hornby biashara yake ya Ujerumani. Ilimfungulia pia mlango. Kabla ya 1914 treni nyingi za kuchezea zilizouzwa Uingereza zilitoka Ujerumani, na baada ya vita wazazi wengi wa Kiingereza hawakutaka tena kununua kutoka huko. Mwaka 1920 kiwanda cha Binns Road kilitoa treni ya kwanza yenye jina la Hornby. Ilikazwa kwa ufunguo kama saa ya ukutani, na iliweza kufunguliwa na kufungwa tena kwa bolti, sawa na Meccano. Treni ya umeme ilifuata mwaka 1925.

Reli ya Kigoma ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma. Ya Hornby ilikuwa na milimita 32. Upana huo unalingana na dunia iliyopunguzwa karibu mara 43. Ukishapunguza treni mara 43, kila kitu kilicho jirani nayo lazima kipunguzwe vilevile, la sivyo jicho linakataa. Mtu wa stesheni akizidi urefu wa behewa, mchezo umeharibika.

Hornby alilielewa hilo kibiashara kuliko mshindani wake yeyote nchini. Treni mtoto anainunuliwa mara moja. Baada ya hapo atahitaji reli zaidi, daraja, taa, stesheni, na kila kimoja kina bei yake. Mwaka 1928 kampuni ilianzisha chama cha watoto kilichoitwa Hornby Railway Company, chenye beji yake. Jarida la Meccano, lililoanza 1916, lilikuwa linawaambia watoto hao nini kimetoka kiwandani. Ilikuwa elimu, ndiyo, lakini ilikuwa pia matangazo, na mpaka kati ya hivyo viwili haukuonekana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walitokea watu wadogo wa chuma: wafanyakazi wa stesheni, abiria, na wanyama wa shambani wa kuwekwa kando ya reli. Bado kilikosekana kitu. Nje ya stesheni yoyote ya kweli kuna barabara, na barabarani kuna motokari. Huko Chicago, Marekani, motokari ndogo za Tootsietoys zilikuwa tayari zinauzwa. Mwezi wa kumi na mbili 1933 Binns Road ilijibu kwa kundi la namba 22, magari 6 katika sanduku moja: motokari ya mbio ya wazi, nyingine yenye paa, gari la kupelekea bidhaa madukani, lori, trakta ya shamba na kifaru cha jeshi.

Kifaru kiliwekwa pamoja na trakta, katika seti ya kupamba stesheni ya amani. Kwa mtoto wa Liverpool wa 1933 pengine kilikuwa chuma tu cha kupendeza. Kwa mtu wa Fizi, ambaye amewahi kuona magari ya jeshi yakipita mahali ambapo trakta haijawahi kupita, orodha hiyo inasomeka kwa namna nyingine.

Mwezi wa nne 1934 magari hayo yalipewa jina jipya, Dinky Toys. Jambo lililofuata huenda halikupangwa na mtu. Treni ilikuwa ghali, zawadi ya krismasi ya baba mwenye uwezo. Motokari moja ndogo mtoto aliweza kuinunua kwa pesa yake ya mfukoni, kisha akangoja, akanunua nyingine. Kila moja ilikuwa na namba katika katalogi, na mwenye namba 22 na 24 atataka kujua 23 iko wapi. Kufikia katikati ya 1935 orodha ilikuwa na vitu karibu 200, meli na ndege zikiwemo. Watoto wengi walijaza rafu za motokari bila kuwa na hata kipande kimoja cha reli. Kilichotengenezwa kiwe pambo la treni kilikuwa kimeipita.

Hornby hakuishi kuona mwisho wa safari hiyo. Alikuwa ametajirika sana, ana jumba kubwa huko Maghull, nje ya Liverpool. Mwaka 1931 alichaguliwa mbunge wa Everton kwa chama cha Conservative, lakini siasa haikuwa uwanja wake, na mwaka 1935 hakugombea tena. Alikuwa na ugonjwa wa moyo na kisukari. Alikufa tarehe 21 mwezi wa tisa 1936, na mwanawe Roland, mmoja wa wale wavulana wa krani za bati, akachukua uongozi wa kampuni.

Risasi na zinki

Miaka miwili baadaye kampuni ilitoa treni ndogo zaidi, yenye reli za milimita 16.5. Kisha vita ikaja tena, na Binns Road ikageuzwa kutengeneza vifaa vya jeshi. Baada ya vita kazi ilirudi, lakini washindani waliongezeka. Mwaka 1964 kampuni iliuzwa, na mwaka 1979 kiwanda cha Liverpool kilifungwa. Jina la Hornby bado liko kwenye treni. Motokari za kipimo cha 1 kwa 43, kilichozaliwa na zile reli za milimita 32, bado zinatengenezwa na makampuni ya nchi nyingi ambayo hayana uhusiano wowote na treni.

Zile za zamani zimekuwa mali. Gari moja dogo la kupelekea bidhaa la miaka ya 1930, lenye tangazo la duka la baiskeli la W. E. Boyce, liliuzwa mnadani mwaka 2008 kwa karibu pauni 20,000.

Lakini mkusanyaji wa Dinky za kabla ya vita ana hofu moja isiyotibika. Magari ya kwanza yalimiminwa kwa mchanganyiko wa risasi, madini laini na yenye sumu kwa mtoto anayeyatia mdomoni. Baadaye kiwanda kilihamia kwenye mchanganyiko wa zinki, madini yaleyale yanayochimbwa Kipushi, katika Katanga. Zinki ni ngumu na nyepesi zaidi, ila inadai usafi. Risasi kidogo tu ikiingia ndani yake wakati wa kuyeyushwa, ugonjwa unabaki ndani ya chuma. Miaka inapita, gari linavimba, linapinda, linapasuka lenyewe hata kama halijaguswa na mkono wa mtoto. Kutengeneza haiwezekani. Wenye nayo huyaweka mahali pakavu, pasipo joto wala baridi kali, na kuyakagua mara kwa mara kwa kioo cha kukuzia. Yale 6 ya mwaka 1933, yaliyomiminwa kwa risasi, hayapatwi na ugonjwa huo. Kifaru nacho kimo.