Dakta Trowell, aliyeiona presha ikiingia Afrika Mashariki

Kila tunapozungumzia presha hewani, swali moja halikosi: mbona wazee wetu wa zamani hawakuwa nayo? Wapo wanaojibu kwamba walikuwa nayo, ila hakukuwa na vipimo. Wapo wanaosema ni chakula cha siku hizi. Mabishano haya utayakuta kijiweni, kisimani na pale Mwigobero, watu wakisubiri mtumbwi wa kwenda Kinesi.

Leo tunamweleza daktari aliyelibeba swali hilo kwa nusu karne, tena hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Jina lake ni Hubert Carey Trowell.

Kuja Kenya

Trowell alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1904. Alisomea udaktari katika hospitali ya St Thomas' ya jijini humo. Mwaka 1929, akiwa kijana wa miaka 25, alikuja Kenya kuwa daktari wa serikali ya kikoloni. Mkewe, Margaret, alikuwa msanii. Baadaye mama huyo alianzisha mafunzo ya sanaa katika chuo cha Makerere, Uganda, na shule ya sanaa ya Makerere inabeba jina lake hadi leo.

Wakati Trowell anaanza kazi Kenya, magonjwa yaliyojaza wodi yalikuwa malaria, minyoo, kuhara, nimonia, kifua kikuu na vidonda. Presha haikuwemo katika orodha hiyo. Madaktari waliokuja kutoka Ulaya, ambako presha na mshtuko wa moyo vilishafahamika, walishangaa.

Aliyelipima jambo hili kwa makini alikuwa daktari mwingine, C. P. Donnison. Huyu alifanya kazi katika hospitali ya South Kavirondo. Ukitoka Musoma ukapita Tarime, ukavuka mpaka pale Sirari, ukaipita Migori, utafika Kisii. Basi ni pande hizo hizo, majirani zetu kabisa. Mwaka 1929 Donnison alichapisha matokeo ya kupima presha ya watu wapatao 1,000. Kwa watu wa Ulaya, presha hupanda kadiri umri unavyosogea. Kwa watu aliowapima yeye haikupanda, na baada ya miaka 40 ilikuwa ikishuka. Tena, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake katika miaka miwili, hakugundua hata mmoja mwenye presha ya juu.

Hapo tukumbuke kwamba kipimo chenyewe kilikuwa bado kichanga. Mkanda wa kufunga mkononi ulibuniwa na daktari Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Mwaka 1905 Mrusi, Nikolai Korotkov, akaongeza njia ya kusikiliza mshipa wa mkono huku mkanda ukilegezwa. Ndiyo maana presha ina namba mbili: ya juu ni nguvu ya damu moyo unapobana, ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapopumzika.

Mulago

Mwaka 1935 Trowell alihamia hospitali ya Mulago, Kampala, akawa pia mwalimu wa wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Vijana wa Uganda, Kenya na Tanganyika walifundishwa udaktari chuoni hapo.

Kazi iliyompa jina kwanza haikuwa ya moyo. Ilikuwa kwashakoo, ule utapiamlo wa mtoto anayevimba miguu na uso, nywele zikibadilika rangi. Daktari Cicely Williams alikuwa ameueleza ugonjwa huo huko Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, mwaka 1933. Trowell mwanzoni alidhani ni ugonjwa mwingine, pelagra, unaotokana na upungufu wa vitamini. Aliwatibu watoto kwa fikra hiyo, lakini matokeo hayakumuunga mkono. Akaacha wazo lake, akakubali kwamba hakuwa sahihi. Mwaka 1954, pamoja na wenzake Davies na Dean, alitoa kitabu kikubwa kuhusu kwashakoo kilichosomwa dunia nzima.

Tabia hiyo ya kufuata kipimo hata kinapompinga ndiyo aliyoingia nayo kwenye habari ya moyo.

Isidhaniwe kwamba mioyo ya watu wa Uganda haikuugua. Iliugua sana. Mwenzake Davies, aliyekuwa akichunguza maiti Mulago, ndiye aliyeeleza kwa kina mwaka 1948 ugonjwa unaokakamaza utando wa ndani wa moyo, ambao huwapata zaidi watoto na vijana wa nchi za joto. Lakini ule mshtuko wa moyo unaoletwa na kuziba kwa mishipa, uliokuwa ukiua watu wengi Marekani na Ulaya, ulikuwa adimu mno. Davies na wenzake walilinganisha maiti 632 za Uganda na 632 za mji wa St. Louis, Marekani, za watu wa rika na jinsia zinazofanana. Kule St. Louis walikuta dalili za mshtuko wa moyo kwa watu 136. Uganda walikuta mtu mmoja tu.

Trowell mwenyewe alifanya kazi miaka mingi kabla ya kumwona mgonjwa wake wa kwanza Mwafrika mwenye ugonjwa huo wa kuziba kwa mishipa ya moyo. Aliandika habari zake mwaka 1956 pamoja na mwenzake, Singh. Mgonjwa alikuwa mwanamume mnene, mwenye cheo, aliyekuwa ameishi kwa muda mrefu akila kwa mtindo wa Kizungu. Siku hizi habari ya mgonjwa mmoja wa moyo isingechapishwa kwenye jarida la madaktari. Wakati ule ilikuwa ajabu.

Wakati huohuo, presha nayo ilikuwa imeanza kuonekana wodini Mulago. Trowell akaona picha inabadilika mbele ya macho yake.

Kasisi anayerudi kwenye takwimu

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Trowell alistaafu, akarudi Uingereza na kuwa kasisi wa Kianglikana. Mwaka 1960 kikatoka kitabu chake kuhusu magonjwa ya Afrika yasiyoambukiza. Humo alikusanya yaliyoonekana hospitalini kwa miaka 30: yapi ni mengi, yapi ni haba, na yapi yanaanza kuingia. Wengi wangeishia hapo.

Mwaka 1970 alirudi kutembelea Afrika Mashariki, akakuta mambo yamegeuka. Mijini aliona watu wanene wengi, jambo ambalo mwaka 1929 halikuwepo. Akakuta kliniki za kisukari zimejaa. Presha, iliyokuwa ngeni, sasa ilikuwa mwenyeji.

Akarudi kwenye kazi ya utafiti akiwa mzee, pamoja na rafiki yake wa Kampala, daktari Denis Burkitt. Wote wawili walitilia mkazo nyuzinyuzi, yaani sehemu ya chakula cha mimea isiyoyeyushwa tumboni. Utaikuta kwa wingi kwenye dona, ulezi, mtama, maharage na mboga za majani, na hupungua sana mahindi yakikobolewa kuwa sembe. Trowell ni mmoja wa waliotoa maana ya neno hilo inayotumiwa na wataalamu wa lishe. Alitazama pia chumvi. Mwaka 1980 aliandika makala iliyofuatilia presha ya watu wa Kenya na Uganda kuanzia 1928 hadi 1978, miaka 50 kamili. Mwaka 1981 yeye na Burkitt wakatoa kitabu kuhusu magonjwa yanayofuata maisha ya kimagharibi popote yanapokwenda. Trowell alifariki mwaka 1989.

Nani alikuwa sahihi kijiweni?

Tukirudi kwenye mabishano, pande zote mbili zina kitu. Ni kweli vipimo vilikuwa vichache. Watu wengi walifia nyumbani bila kupimwa, na wazee waliofika hospitali walikuwa wachache. Hesabu za wakati ule lazima zisomwe kwa tahadhari. Hata hivyo walikuwepo waliopimwa, na presha zao zilikuwa chini.

Ushahidi uliokuja kukaza fundo ulitoka tena jirani kwetu, mwaka mmoja baada ya kifo cha Trowell. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa Wajaluo wa vijijini magharibi mwa Kenya waliohamia Nairobi kutafuta kazi. Watafiti hawakulinganisha Mwafrika na Mzungu. Walilinganisha waliohama na wenzao wa kijijini kwao waliobaki. Presha za waliohama zilipanda mapema, ndani ya miezi ya mwanzo tu mjini. Mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo. Potasiamu ni madini yanayopatikana kwenye mboga, matunda na mizizi. Damu ya ukoo ilikuwa ileile, kilichobadilika ni maisha.

Kwa hiyo mtu asiseme presha ni ya Wazungu au ya matajiri. Haina kabila. Inafuata chumvi, uzito, pombe, sigara, kukaa bila kuushughulisha mwili, na umri. Na sembe, soda na vyakula vya kukaanga vimeshafika kijijini, havikungoja tuhamie Nairobi.

Kumpima anayejiona mzima

Kuna jambo moja kubwa linalopita katika habari hii yote. Donnison hakungoja watu waumwe kichwa ndipo awafunge mkanda. Aliwapima waliokuwa wazima. Bila hivyo tusingejua chochote.

Mfano mpya umetoka Uganda vilevile. Watoto wengi wa nchi zetu huharibikiwa moyo baada ya koo kuuma mara kwa mara kwa sababu ya bakteria na kutotibiwa vizuri. Vali za moyo hupata makovu taratibu, na mara nyingi mgonjwa hugundulika akiwa tayari anahema na kuvimba miguu. Watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago, walikwenda kaskazini mwa nchi hiyo na kuwapima moyo watoto zaidi ya 100,000 kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Watoto 818 waliokutwa na dalili za mwanzo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, jingine halikuchomwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Kwa waliochomwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3. Kwa wasiochomwa, ulisonga mbele kwa watoto 33.

Dawa hiyo ni ya zamani na ya bei nafuu. Kilichookoa mioyo ile ni kuwafikia watoto kabla hawajaanza kuugua.

Sasa wewe na mimi

Presha huitwa muuaji wa kimya kwa sababu mwenye nayo anaweza kulima, kuvua na kucheza ngoma bila kusikia lolote, mpaka siku ya kiharusi. Mtu mzima akifika zahanati au kituo cha afya kwa jambo lolote, hata kama amemsindikiza mgonjwa, aombe kupimwa. Kaa kwanza dakika tano umetulia, mkono uegemee mezani, usiongee. Namba zikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe siku nyingine, maana kipimo kimoja hakitoshi kumpa mtu jina la mgonjwa. Zikiwa juu sana, au ukiwa na maumivu ya kifua, ganzi ya upande mmoja au ulimi mzito, usingoje kesho.

Andika namba zako na tarehe kwenye daftari au kwenye simu. Ukiandikiwa dawa, usiache kwa kuwa unajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa, na kuacha ghafla ndiko kunakowaletea wengi kiharusi. Kwa mtoto, koo linalouma pamoja na homa lipelekwe kwa mganga wa zahanati, na dozi imalizwe yote.

Jikoni, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyo ndani ya mchuzi na samaki wa chumvi. Kopo la chumvi lisikae mezani. Ugali wa dona, wa ulezi au wa mtama, mboga za majani na dagaa ni chakula kile kile ambacho bibi zetu walikijua.

Waswahili walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Presha inakwenda mbali zaidi ya hapo, kwa sababu inajificha hata kwa mwenye nayo. Wa kuifichua ni mkanda, na mkanda upo zahanati.