James Watt, fundi aliyeipa injini kipimo cha farasi

Ukiagiza gari lililotumika, muuzaji hukutajia kwanza nguvu za farasi: 90, 120 au 150. Wengi wetu husikia tarakimu hiyo tukafungua pochi. Aliyeanzisha kipimo hicho ni James Watt wa Scotland, na alikianzisha kwa sababu ya malipo.

Watt alizaliwa tarehe 19 Januari 1736 katika mji wa bandari wa Greenock. Utotoni alikuwa na afya dhaifu. Mwaka 1755 alikwenda London kujifunza kutengeneza vyombo vya kupimia, kisha akapata karakana katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Majira ya baridi ya 1763 hadi 1764 alipewa mfano mdogo wa mashine ya mvuke ya Newcomen autengeneze. Akagundua kwamba mvuke mwingi ulipotea bure, kwa kuwa silinda ileile ilipashwa moto na kupozwa kila mara. Mwaka 1765 akapata jibu: mvuke upozwe katika chombo cha pembeni, silinda ibaki ya moto. Hati ya kulinda uvumbuzi huo aliipata mwaka 1769.

Mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1773 mshirika wake wa kwanza, John Roebuck, alifilisika, na mwaka huohuo Watt akafiwa na mkewe Margaret. Mwaka 1775 akaungana na Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho karibu na Birmingham, na hapo biashara ikasimama.

Wenye migodi ya Cornwall walizinunua mashine zake kwa kuvuta maji. Malipo yalikuwa theluthi moja ya thamani ya makaa ya mawe waliyookoa, ikilinganishwa na mashine ya Newcomen. Kaunta iliyofungwa kwa kufuli ilihesabu mapigo ya mashine ili pasiwe na ubishi. Hata hivyo ubishi ulikuwapo. Wengine walikataa kulipa, na kesi zikaendelea hadi mwaka 1799, Watt na Boulton waliposhinda.

Baadaye wakaja wenye vinu, waliokuwa wakitumia farasi. Hao hawakuwa na mashine ya zamani ya kulinganisha. Walitaka kujua jambo moja tu: mashine hii itachukua nafasi ya farasi wangapi? Miaka ya 1782 na 1783 Watt akakadiria kazi ya farasi anayezungusha kinu, akafikia kuinua ratili 33,000 kwa futi moja kila dakika. Kwa vipimo vya leo, ni kama kuinua kilo 76 kwa mita moja kila sekunde. Muuzaji na mnunuzi wakapata mizani moja.

Watt alistaafu mwaka 1800, akafariki tarehe 25 Agosti 1819. Mwaka 1821 Mfaransa Gaspard de Prony alibuni breki ya kupimia nguvu ya mashine inayozunguka, na kutoka humo ikakua dainamomita, mashine inayopima magari leo.

Karatasi ya dainamomita ina mistari miwili. Mmoja ni nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa nyutonimita. Wa pili ni nguvu za farasi. Wa pili huzaliwa na wa kwanza ukizidishwa kwa kasi ya injini. Injini inayotoa nyutonimita 200 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika ina farasi 56 hivi. Ikitoa 200 zilezile kwa mizunguko 4,000, ina farasi 112. Kwa hiyo farasi wengi wanaopatikana injini ikilia sana hawamsaidii mwenye kubeba magunia mlimani. Yeye atazame mstari wa kwanza, tena upande wa mizunguko ya chini.

Pili, uliza kipimo kimechukuliwa wapi. Kiwanda hupima kwenye injini yenyewe. Gereji hupima kwenye magurudumu, baada ya gia na ekseli kula sehemu yake. Tarakimu ya magurudumu ikiwa ndogo kuliko ya kiwanda, si lazima injini iwe imechoka.

Tatu, uliza kuhusu hewa. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Gari lililokuwa jepesi Mombasa litakuwa zito Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600. Karatasi nyingi husahihishwa ili kuondoa tofauti hiyo, basi uliza ni farasi waliopimwa au waliosahihishwa.

Leo jina la Watt limeandikwa hata kwenye balbu, na farasi mmoja ni wati 746 hivi. Yeye alifunga kaunta kwa kufuli ili mnunuzi na muuzaji wasidanganyane. Nawe usilipie tarakimu usiyojua ilipimwaje.