Taha Hussein: mtoto asiyeona mbele ya walimu wake

 Leo tunamtazama mtu ambaye maulamaa wengi walimpinga, na kwa sababu zenye uzito. Hata hivyo, utoto wake unamhusu kila mwalimu aliyepata kuletewa mwanafunzi asiyeona.

Taha Hussein alizaliwa mwaka 1889 katika kijiji kilicho jirani na mji wa Maghagha, mkoa wa Minya, nchini Misri. Alipokuwa na umri wa miaka kama mitatu aliugua macho. Wazee wake wakamwita kinyozi wa kijiji amtibu, na tiba hiyo ndiyo iliyomwondolea kuona.

Alipelekwa chuoni kuhifadhi Qur'ani, kwani kazi iliyodhaniwa kumfaa kipofu ilikuwa kusoma Qur'ani penye misiba na hafla za watu. Alihitimu kuhifadhi kabla ya kutimiza miaka 9. Mwalimu akajifaharisha kwa kazi yake, kisha akamsahau. Mtoto mwenye macho angeufungua msahafu na kudurusu peke yake. Huyu hakuwa na msahafu ila sauti ya mtu mwingine, na sauti hiyo haikuja. Siku moja baba yake alimtaka asome Surat Ash-Shu'araa mbele ya wageni. Akakwama. Akatakiwa asome An-Naml, kisha Al-Qasas, akakwama kote. Ajabu ni kwamba mwalimu yule naye alikuwa haoni ila mwanga hafifu wa jicho moja. Nani angestahiki zaidi kuijua haja ya mtoto huyu?

Mwaka 1902 alikwenda Cairo kusoma Al-Azhar, akiongozwa na kaka yake. Kule masomo yalikuwa ya kusikiliza: wanafunzi huketi wakimzunguka sheikh aliye kwenye nguzo ya msikiti, na asiyeona hukaa sawa na mwenzake. Hili ni jambo la kuwashukuru wazee wetu. Lakini darsa likimalizika, kijana aliachwa chumbani peke yake kwa saa nyingi, bila wa kumsomea kitabu. Na siku ya mtihani wa kujiunga, mtahini alimwita kwa upofu wake badala ya jina lake. Jeraha hilo alilikumbuka hata uzeeni.

Hakupata shahada ya Al-Azhar. Chuo Kikuu cha Misri kilipofunguliwa mwaka 1908 alijiunga nacho, na mwaka 1914 akapata udaktari kwa utafiti juu ya Abul-Alaa al-Maarri, mshairi ambaye naye alipofuka utotoni. Akapelekwa Ufaransa. Huko alijifunza maandishi ya nukta nundu, lakini yalimjia akiwa mtu mzima, vidole havikuzoea. Elimu yake ilikuwa imeshajengwa juu ya masikio. Aliyemsomea vitabu ni Suzanne Bresseau, waliyefunga naye ndoa mwaka 1917. Mwaka uliofuata alipata udaktari wa pili, katika chuo cha Sorbonne, juu ya Ibn Khaldun.

Kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya ushairi wa zama za Jahiliya kilizusha ghasia hadi akafikishwa mbele ya mwendesha mashtaka. Sisi hatumtetei katika aliyoyaandika humo juu ya visa vya Mitume.

Mwaka 1950 aliteuliwa kuwa Waziri wa Elimu, na katika wizara yake ada za shule za sekondari zikafutwa. Alifariki tarehe 28 Oktoba, 1973. Kisa cha mwalimu wa chuo na sura zilizosahauliwa alikisimulia katika kitabu chake, Al-Ayyam, alichokitunga kwa mdomo huku mwingine akiandika. Kitabu hicho kikaja kusomeshwa katika shule za Misri, mbele ya watoto wenye macho.