Pran: Mkimbizi Aliyeichekesha India

Ndugu msomaji, sisi tunaosoma hapa Bulembia tunajua mpaka ni nini. Mpondwe hauko mbali, na zaidi ya mara moja tumeona watu wakivuka kutoka Kongo na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri, safari hii tumemchagua mtu ambaye mpaka ulimng'oa kwao akiwa mtoto. Alikuwa mchoraji wa vitabu vya katuni huko India. Kuhusu hukumu ya kuchora viumbe wenye roho, wanachuoni wana maneno yao na hapa si mahali pake. Sisi tunatazama maisha yake.

Kuzaliwa na kuhama

Pran Kumar Sharma alizaliwa tarehe 15 Agosti 1938 katika mji wa Kasur, karibu na Lahore. Wakati ule India ilikuwa chini ya Waingereza. Tarehe 15 Agosti 1947, siku aliyotimiza miaka 9, India ikapata uhuru, lakini ilikuwa imekwisha kugawanywa. Kasur ukabaki upande wa Pakistani, na familia yake ilikuwa ya Kihindu. Waislamu walikimbilia Pakistani, Wahindu na Makalasinga wakakimbilia India. Watu zaidi ya milioni 10 walihama. Mamia ya maelfu waliuawa, wa kila dini na kwa mikono ya watu wa kila dini. Familia ya Pran ikafika Gwalior, katikati ya India, ikaanza maisha upya.

Masomo na kazi

Pran alisoma mpaka akapata shahada ya uzamili katika elimu ya siasa. Sanaa aliisoma kama mwanafunzi wa nje wa chuo cha J.J. School of Art cha Bombay, ambayo leo ni Mumbai. Mwaka 1960 akaanza kuchora katika gazeti la Milap mjini Delhi, na mhusika wake wa kwanza aliitwa Daabu.

Haikuwa kazi nyepesi. Magazeti ya India yalizoea kununua katuni kutoka Ulaya na Marekani. Katuni hizo huuzwa kwa magazeti mengi kwa pamoja, kwa hiyo bei yake huwa ndogo kuliko kumlipa mchoraji wa nyumbani. Watoto wa India wakakua wakiwajua mashujaa wa Kizungu wenye misuli, bastola na vinyago usoni.

Karibu na mwaka 1970, katika gazeti la watoto liitwalo Lotpot, Pran alimleta shujaa wa aina nyingine: Chacha Chaudhary. Chacha ni ami, yaani baba mdogo, na Chaudhary ni jina la heshima la mkubwa wa kijiji. Ni mzee mfupi, ana kilemba chekundu, masharubu meupe na bakora. Silaha yake ni akili. Wezi na matapeli huwashinda kwa kufikiri kabla yao. Panapohitajika nguvu yupo Sabu, jitu lililotoka sayari ya Mshtarii, lakini nguvu hiyo humsikiliza mzee.

Wahusika wake wengine ni Shrimatiji, mama wa nyumbani; Pinki, binti mtundu; Billoo, kijana ambaye nywele zimemfunika macho; na Raman, karani wa ofisi. Vitabu hivyo, vilivyotolewa na Diamond Comics, viliuzwa hata kwenye stesheni za treni, na vikatafsiriwa katika lugha nyingi za India.

Mwaka 1983 kilitoka kitabu cha Raman ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Sisi ni Wamoja. Kilihimiza umoja wa watu wa dini na makabila yote, na aliyekizindua ni Waziri Mkuu Indira Gandhi. Aliyekichora ni yule mtoto wa Kasur. Alikuwa na sababu zote za kuchora chuki, naye hakuichora.

Pran alifariki Agosti 2014 akiwa na miaka 75, kwa ugonjwa wa saratani. Mwaka uliofuata serikali ya India ikamtunukia nishani ya Padma Shri.

Tunajifunza nini?

Kwanza, asiyesimulia habari zake atasimuliwa za wengine. Nasi tuna ami zetu na wazee wetu wa busara katika milima hii ya Rwenzori. Ni nani atakayewaandika?

Pili, aliyedhulumiwa ana hiari ya kutorithisha uchungu wake. Nasi Waganda tuna hesabu yetu: mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 wawe wameondoka, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa umri wa Pran alipoondoka Kasur. Leo anayevuka Mpondwe na mzigo wake anatukuta sisi. Atakachokumbuka akiwa mtu mzima, sehemu yake iko mikononi mwetu.

Mola atujaalie kalamu zenye manufaa.