Alexander Mackay, Fundi wa Usambiro

Watu wengi huidhani furaha kuwa kitu cha mbali. Huitazamia siku ya arusi, au siku ya mavuno, au siku ya kurudi kwa mwana aliye safarini. Na siku zilizo katikati huzihesabu kuwa si kitu, kama msafiri azihesabuvyo hatua za njiani. Hata sisi tukaao hapa Mkolani, tulio na majabali nyuma yetu na upepo wa ziwa mbele yetu, twaweza kupita asubuhi nyingi bila kumshukuru aliyetuwashia moto wala aliyetutekea maji. Hatujui thamani ya sauti ya jirani mpaka sauti ile inaponyamaza.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu mmoja aliyeishi na kufa upande wetu huu wa kusini wa Ziwa la Viktoria. Jina lake ni Alexander Mackay, na wengi hulisikia katika habari za Uganda. Lakini walio wachache ndio wajuao ya kuwa miaka yake ya mwisho aliikaa Usambiro, katika nchi ya Wasukuma na jirani zao, wala si Uganda.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji, naye ndiye aliyemfundisha nyumbani mpaka alipokuwa kijana wa miaka kumi na minne. Mafundisho hayo hayakuwa ya mezani tu. Baba na mwana walipotembea barabarani, mzee alisimama ghafula akachora mavumbini kwa fimbo yake, pengine hesabu ya pembe na mistari, pengine njia alizopita Livingstone katika Afrika. Na watu wa kijiji walisimama wakistaajabu kumwona mchungaji wao ameinama chini pamoja na mtoto.

Mtoto huyo alipenda sana kazi za mafundi. Alikwenda kwa mhunzi akatazama chuma kikigeuka chekundu, akaenda kwa seremala akatazama randa ikipita juu ya ubao. Tena alikwenda kwa miguu maili nne mpaka stesheni ya gari la moshi, ili aitazame injini iliposimama dakika chache tu, kisha akarudi maili nne nyingine, moyo wake umejaa. Nyumbani alikuwa na mtambo mdogo wa kupigia chapa, akajifunza kuzipanga herufi. Mtu angeweza kusema haya yote ni michezo ya mtoto. Lakini kila furaha ndogo aliyoipata Rhynie ilikuja kuwa kazi yake kando ya ziwa letu: moto wa mhunzi, ubao wa seremala, injini, na herufi za chapa.

Mama yake alifariki mwaka wa 1865, akamwachia Biblia yake. Baadaye Mackay alisoma Edinburgh ualimu, kisha ufundi wa mitambo. Mwaka wa 1873 alikwenda Ujerumani, akafanya kazi Berlin ya kuchora mitambo katika kiwanda. Huko alikaa katika nyumba ya mhubiri wa jumba la Kaisari, jina lake Baur, akapendwa na watu wa nyumba ile kama ndugu. Alikuwa mgeni katika mji mkubwa, lakini hakujifungia chumbani mwake akiomboleza kwao. Aliketi mezani pamoja na wenyeji, akajifunza lugha yao, akazishiriki furaha zao. Desturi hiyo haikumwacha maisha yake yote.

Mwezi wa Novemba 1875 barua ya Stanley ilichapwa katika gazeti la London, ikiwaita waalimu kwenda kwa Mutesa, Kabaka wa Uganda. Mackay alijitoa. Tarehe 27 Aprili 1876 aliondoka Uingereza katika merikebu, pamoja na wenzake wa shirika la CMS, akafika Unguja. Hakujua ya kuwa hatakiona tena kijiji chake.

Mwanzo wa kazi ulikuwa mchungu. Alipokuwa njiani kwenda bara, homa ilimpiga hata ikambidi kurudishwa pwani. Mwaka wa 1877 alipasua njia kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, yapata maili 230, akikata miti na kujenga madaraja. Mwezi wa Desemba mwaka uo huo wenzake wawili, Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Mackay alipofika Kageye, ufukoni mwa ziwa, mwezi wa Juni 1878, alikuta vitu vya safari vimetupwatupwa: vyuma vimeshika kutu, na vitabu vimeharibika. Mtu mwingine angaliketi akalia. Yeye aliketi akavichagua kimoja kimoja, akavisugua, akavipanga, siku baada ya siku. Tena alivuka kwenda Ukerewe kwa mfalme Lukonge, bila silaha, ili damu iliyomwagika isizae damu nyingine.

Mwezi wa Agosti alitweka pamoja na mwenzake katika mashua iitwayo Daisy. Dhoruba ikawatupa pwani ya magharibi, mashua ikavunjika. Ndipo Mackay alipofanya jambo linalotupendeza sana kulikumbuka. Aliikata sehemu ya katikati ya mashua, na kwa mbao zake akaziba matundu ya mbele na ya nyuma, kisha akaziunga ncha mbili pamoja. Mashua ikawa fupi, lakini ikaelea. Kazi hiyo ilichukua yapata miezi miwili, na mwezi wa Novemba 1878 wakafika Uganda. Hakuililia mashua kubwa iliyopotea hata ashindwe kuitumia ndogo iliyobaki.

Huko Natete, karibu na mji wa Kabaka, alijenga kibanda cha uhunzi. Watu walikuja makundi kwa makundi kuona moto ukivuviwa na chuma kikipigwa. Alichimba kisima, akafanya gari la kuvutwa na ng'ombe, akatengeneza vifaa vilivyovunjika, akawatibu wagonjwa. Wapo waliomwita Mzungu wa kazi. Vijana walipokaa kando yake, mkono mmoja ulishika nyundo na mwingine ulionyesha herufi. Maana alichonga herufi za mti, akachapa karatasi za kusomea. Darasa lake halikuwa na kengele. Palipokuwa na kazi, palikuwa na mafundisho. Na palipokuwa na watu, palikuwa na mazungumzo.

Tusimfanye kuwa malaika. Alikuwa mwenye maneno makali, na katika baraza ya Mutesa alishindana mara nyingi na Waarabu na mapadre wa Kikatoliki, hata mbele ya mfalme. Pengine ushindani ule uliwachanganya wasikilizaji kuliko kuwajenga. Lakini waliokaa naye karibu waliujua upande mwingine, yaani mtu asiyechoka kuwafundisha watoto, wala asiyeona haya kushika kazi iliyodharauliwa na wakubwa.

Mutesa akafa mwezi wa Oktoba 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni waliuawa kwa moto. Hawa hawakuwa majina tu katika kitabu cha wanafunzi. Walikuwa vijana waliokula, waliocheka na waliojifunza pamoja na waalimu wao. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo Askofu Hannington aliuawa njiani katika Busoga, na mwaka wa 1886 Wakristo wengi, wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti, waliuawa Uganda.

Hapa ndipo somo letu linapokuwa gumu. Ni rahisi kumwambia mtu apendezwe na watu walio karibu naye, watu hao wakiwa hai na wazima. Lakini ampendaye jirani amejiweka mahali pa kuumizwa. Asiyempenda mtu halii kwa ajili ya mtu. Mackay aliumizwa sana. Na mtu aliyeumizwa hujaribiwa kuufunga moyo wake, ajifiche katika kazi, asijue tena jina la mtoto ye yote. Twatazama basi alifanyaje.

Mwezi wa Julai 1887 ilimbidi kuondoka Uganda. Akavuka ziwa, akajenga upya Usambiro, mwanzo kabisa, kama mtu aliyewasili jana. Huko pia mauti ilimfuata, maana mwezi wa Machi 1888 Askofu Parker alikufa kwa homa, akazikwa pale pale. Wenzake wa Ulaya walikuwa wachache, na barua zilikawia miezi mingi. Lakini vijana wa Kiganda waliokimbia mateso walimfuata, na wenyeji wa nchi walimjia, naye akawafungulia mlango.

Mwezi wa Agosti 1889 Stanley alifika Usambiro pamoja na Emin Pasha, wakitoka safari ya taabu nyingi. Walikaa yapata majuma matatu, na Stanley aliandika mambo aliyoyaona. Aliona mtu mfupi mwenye ndevu za rangi ya kahawia, amevaa nguo nyeupe. Aliona nyumba ya udongo iliyo safi, na kuta za chumba zimejaa vitabu, na Injili ya Mathayo kwa Kiganda imepangwa mafungu mafungu. Uani palikuwa na karakana iliyojaa zana. Wahunzi walikuwa wakitengeneza dungu la chombo cha moshi, na mbao zilikuwa zikipasuliwa. Palikuwa na zizi la ng'ombe na la mbuzi, na kuku wakidonoa. Wageni walikunywa kahawa, wakala mkate uliookwa pale pale. Watoto wadogo na wakubwa walitoka wakiwa na afya na furaha, na wafanya kazi wakaja kuwaamkia wageni. Asubuhi na jioni wote walikusanyika kuimba na kuomba.

Wasomaji wetu, tazameni mambo hayo yalivyo madogo: kuku uani, mkate, zizi lililo safi, watoto walioshiba, salamu njema ya asubuhi. Hakuna hata moja ambalo mtu angelitafutia habari ya kuandika katika gazeti. Lakini msafiri yule, aliyekuwa ameona vita na njaa na mauti, alistaajabu kuliko alivyostaajabia milima na mito. Alimwona mtu aliyekuwa na sababu nyingi za kunung'unika, asiyepoteza muda kwa kunung'unika.

Stanley alimshauri arudi Ulaya kupumzika, kwa kuwa alikuwa amekaa miaka kumi na zaidi bila kwenda kwao. Mackay hakukubali kuiacha kazi bila mtu wa kuishika. Tarehe 2 Januari 1890 aliandika tena kuomba wenzake waje. Mwanzo wa Februari homa ikamshika, na tarehe 8 Februari 1890 akafariki, umri wake miaka arobaini. Alikuwa akitafsiri Injili ya Yohana kwa Kiganda, na chombo chake cha moshi hakijaisha. Mwenzake mmoja Mzungu, naye mgonjwa, alimzika pamoja na Wakristo wa pale; na jeneza lake liliundwa kwa mbao alizozikata kwa ajili ya chombo kile. Mwaka wa 1927 mifupa yake ilipelekwa Uganda, ikazikwa Namirembe.

Kama tungepima maisha yake kwa mambo makubwa aliyoyatazamia, tungesema alipungukiwa. Chombo hakikuelea, tafsiri haikuisha, nchi aliyoipenda alifukuzwa. Lakini siku zake hazikuwa ngazi tu za kupandia siku nyingine. Siku ya kuchonga herufi ilikuwa siku kamili, na siku ya kumfundisha kijana kushika nyundo ilikuwa siku kamili. Na vijana wale wale, waliokaa naye kando ya moto wa uhunzi, ndio walioibeba kazi baada yake. Kazi aliyodhani ni ya kungojea ile kubwa, ndiyo iliyokuwa kubwa yenyewe.

Basi sisi wa pande hizi za ziwa tujifunze nini? Tusingoje arusi ndipo tufurahi, wala tusingoje matanga ndipo tumsifu jirani. Mvuvi aletaye sato na dagaa, mama auzaye mboga njiani, mwalimu awafundishaye watoto wetu, mzee aketiye mlangoni akingoja mtu wa kumwamkia: hao wote ni mali yetu ya leo, na hatukuahidiwa kuwa nao kesho. Kumwita mtu kwa jina lake ni kazi ndogo. Kumshukuru mke kwa chakula cha jioni, au mume kwa jasho la mchana, ni maneno machache. Mtoto akiuliza jambo njiani, tusimame, tuchore mavumbini kama yule mzee wa Rhynie. Hatujui mchoro ule utamfikisha wapi.

Na kama yuko kati yetu aliyefiwa, ambaye moyo wake unaogopa kupenda tena, na amfikirie mtu huyu wa Usambiro, aliyefiwa mara nyingi, akafungua mlango tena, akaoka mkate, akawaita watu waje mezani.